Kinjeketile Ngwale: Mtu Halisi Nyuma ya Mhusika

Mwanafunzi, kabla hujajibu swali lolote kuhusu tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, mfahamu kwanza mtu aliyeishi kweli. Watahiniwa wengi humchanganya na mhusika wakapoteza alama.

Maisha yake

Kinjeketile Ngwale alikuwa mganga wa Ngarambe, kusini mwa mto Rufiji, Tanganyika ilipotawaliwa na Wajerumani. Wakati huo wananchi walilazimishwa kulima pamba ya serikali chini ya viboko vya maakida, huku mashamba yao wenyewe yakiota magugu. Ujira ulikuwa duni hata baadhi wakaukataa. Kodi nayo ilidaiwa.

Mwaka 1904 alisemekana kupandwa na pepo aitwaye Hongo, akazama katika kidimbwi na kuibuka kesho yake nguo zikiwa kavu. Watu wakamiminika Ngarambe. Aliwapa maji yaliyochanganywa na mafuta ya mbarika na mtama, akiwaahidi kwamba risasi za Wajerumani zingegeuka maji. Pia aliwataka wangoje amri yake.

Hawakungoja. Mwishoni mwa Julai 1905 Wamatumbi waling'oa pamba kule Nandete, na vita vikaanza. Tarehe 4 Agosti 1905 Wajerumani walimnyonga Kinjeketile huko Mohoro. Vita vya Majimaji viliendelea bila yeye hadi 1907. Wajerumani walichoma mashamba na maghala, na njaa ikaua wengi kuliko risasi. Serikali yao ilikadiria vifo 75,000. Wanahistoria wa baadaye wanataja hadi 300,000.

Umuhimu wake

Je, alikuwa mdanganyifu? Usikimbilie jibu. Kumbuka vita vya Lumboka na Chetambe mwaka 1895, hapa kwetu Magharibi. Wabukusu walipopigana na Waingereza, wapiganaji wa Nabongo Mumia walikuwa upande wa wageni. Jirani alimpiga jirani, na mgeni akatawala wote. Kinjeketile aliliona tatizo hilo. Maji hayakuzuia risasi, lakini yaliunganisha takriban makabila 20 ambayo hayakuwa na mfalme mmoja wala lugha moja. Imani hiyohiyo iliyowapa umoja ndiyo iliyowapeleka kifua wazi mbele ya bunduki. Jibu zuri hutaja pande zote mbili.

Tofauti na tamthilia

Katika historia, Kinjeketile alinyongwa vita vikiwa vichanga. Katika tamthilia, mwandishi anamwacha hai aone kushindwa, ateswe gerezani na akatae kuyakana maji. Badiliko hilo ni la makusudi: linaibua swali la iwapo kiongozi aikane imani iliyoshindwa au ailinde kwa ajili ya vizazi vijavyo.

Zoezi

Kinjeketile ni shujaa aliyewaangamiza watu wake. Jadili ukirejelea tamthilia. (alama 20)

Kidokezo: Toa hoja zako kutoka kwenye tamthilia. Historia ikusaidie kuielewa tu, isichukue nafasi yake.