John Huston na ndege wa risasi

Hapa Kongo, wapenzi wa sinema wakimtaja John Huston humkumbuka kwa filamu aliyokuja kuipiga kwetu mwaka 1951. Mimi nataka kumweleza kwa filamu yake ya kwanza, The Maltese Falcon, yaani Kozi wa Malta, ya mwaka 1941. Ni filamu ya upelelezi na mauaji, iliyotengenezwa kwa fedha kidogo, na karibu yote inatendeka vyumbani. Hata hivyo, kwa mtu aliyekulia kati ya Masisi na Walikale kama mimi, sijaona filamu ya kigeni inayoyagusa maisha yetu kwa karibu kuliko hiyo.

Huston alizaliwa tarehe 5 Agosti 1906 katika mji mdogo wa Nevada, jimbo la Missouri, Marekani. Baba yake, Walter Huston, mzaliwa wa Toronto nchini Kanada, alikuwa mwigizaji wa jukwaani. Mama yake, Rhea Gore, alikuwa mwandishi wa habari. Wazazi walitengana mtoto akiwa bado mdogo, akawa anasafiri mara na huyu, mara na yule. Madaktari walisema moyo na figo zake ni wagonjwa, akalazwa kitandani muda mrefu. Alipopata nafuu aliacha shule, akapigana ndondi, akajifunza uchoraji, akaishi Meksiko, akaandika hadithi fupi. Katika miaka ya 1930 aliingia kazi ya kuandika miswada ya filamu, na kabla ya muongo kwisha alikuwa mmoja wa waandishi wa kutegemewa wa kampuni ya Warner Bros.

Mkataba wake ulikuwa na sharti moja: kampuni ikitaka kuendelea naye, impe filamu moja aiongoze mwenyewe. Mapema mwaka 1941 filamu ya High Sierra, ambayo alishiriki kuiandika, ilifaulu, na ahadi ikatimizwa. Alipewa dola zipatazo 375,000, kiasi kidogo kwa kampuni kubwa kama ile, na muda wa wiki chache tu, kuanzia mwezi wa Juni. Akachagua riwaya ya Dashiell Hammett ya mwaka 1930 ambayo kampuni hiyohiyo ilikwisha kuifanya filamu mara mbili, mwaka 1931 na mwaka 1936. George Raft, aliyekuwa nyota wakati huo, alikataa kuigiza chini ya mwongozaji asiye na jina. Nafasi ikamwangukia Humphrey Bogart, aliyekuwa amezoeleka kama jambazi wa kuuawa mwishoni. Sydney Greenstreet, aliyecheza kiongozi wa wasaka hazina, alikuwa na zaidi ya miaka 60 na hakuwa amewahi kusimama mbele ya kamera. Hata baba mtu alikuja kusaidia: Walter Huston ndiye nahodha anayeingia na furushi mikononi, akaanguka na kufa bila jina lake kuandikwa kwenye orodha ya waigizaji.

Uhaba wa fedha aliujibu kwa maandalizi. Kwa kuwa alijua kuchora, alichora picha za filamu kabla ya kamera kuwashwa, na sehemu kubwa aliipiga kwa kufuata mpangilio wa hadithi. La muhimu zaidi kwetu wanafunzi wa lugha ni kwamba aliyaacha maongezi ya riwaya karibu kama yalivyo. Hammett hasimulii mawazo ya wahusika wake. Anatupa tu kinachoonekana na kinachosikika, na kamera nayo haiwezi kumwonesha mtazamaji zaidi ya hayo.

Hadithi yenyewe ni ya sanamu ya ndege inayodhaniwa kuwa ya dhahabu na vito, iliyopakwa rangi nyeusi ili kuficha thamani yake. Watu wamevuka bahari na kuuana kwa ajili yake hadi San Francisco, ambako mpelelezi Sam Spade anaingizwa katika mambo baada ya mwenzake kupigwa risasi. Hakuna anayesema kweli. Mwanamke aliyemwajiri Spade anabadili jina mara mbili, na kila jina linakuja na namna yake ya kuongea. Mnene Gutman ana ufasaha wa kupindukia. Anasifu na kubembeleza huku akisubiri mwenzake alewe dawa aliyotiliwa kwenye pombe. Mtazamaji analazimika kufanya kazi tunayofundishwa katika pragmatiki: kupima kilichosemwa, nani kakisema, na kwa nini kwa maneno hayo. Mwishoni Gutman anakwangua sanamu kwa kisu na kukuta chuma cha bure: ni risasi tupu.

Neno hilo linanisimamisha kila mara. Katika Kiswahili risasi ni madini, tena ni kile kinachotoka mdomoni mwa bunduki. Mtu wa Masisi anayejua Rubaya na koltani yake hahitaji kuelezwa jinsi neno moja linavyobeba maana zote mbili. Wala mtu wa Walikale aliyewaona wabebaji wa kasiterite wakitoka Bisie kupitia msituni na viroba vya kilo 50, na ndege ndogo zikitua juu ya barabara pale Kilambo kuja kuchukua mzigo. Tofauti ni kwamba jiwe letu jeusi si la bandia. Lina thamani kweli, na thamani hiyo inahesabiwa mbali na shimo lilikotoka.

Filamu ilipotoka mwezi wa Oktoba 1941 ilisifiwa, ikateuliwa kuwania tuzo tatu za Oscar. Baada ya vita, mwaka 1946, ilikuwa miongoni mwa filamu za Marekani zilizowafanya wahakiki wa Ufaransa waanze kuandika juu ya filamu nyeusi, jina tunalolitumia hadi leo.

Huston mwenyewe aliingia jeshini. Alipiga picha vita vya kijiji cha San Pietro nchini Italia, kisha askari waliorudi na majeraha ya akili. Filamu hiyo ya pili, Let There Be Light, ya mwaka 1946, jeshi liliizuia hadi mwaka 1980. Kwetu, ambako watu wamehama na kurudi na kuhama tena, tunajua majeraha hayo yanayofichwa. Mwaka 1948 alirudia habari ya hazina katika The Treasure of the Sierra Madre. Ndani yake vumbi la dhahabu linapeperushwa na upepo. Ilimpatia tuzo mbili za Oscar, na baba yake moja.

Mwaka 1951 alifika Biondo, kando ya mto Ruiki karibu na Ponthierville, leo Ubundu, kupiga The African Queen na Bogart na Katharine Hepburn, kabla ya kuhamia Uganda. Maji ya Lowa, yanayoteremka kutoka Masisi na kupita Walikale, huingia Lualaba kusini mwa Ubundu. Alikuwa jirani yetu basi. Lakini katika filamu hiyo Waafrika wako pembeni: wanaimba kanisani, wanachomewa kijiji, kisha hawaonekani tena. Mtu aliyewapa wezi wa San Francisco ndimi kali namna ile hakuwapa watu wa hapa mazungumzo.

Aliishi baadaye Ireland, akachukua uraia wake mwaka 1964. Alifariki tarehe 28 Agosti 1987, baada ya kuongoza The Dead akiwa kwenye kiti cha magurudumu na mrija wa oksijeni puani.

Habari za madini yetu bado zinapigwa picha na wageni: matope, watoto, bunduki, na sauti ya msimulizi wa mbali juu yake. Filamu ya kwanza ya Huston inaonesha njia nyingine, nayo si ghali. Chumba cha mnunuzi wa mawe, mizani mezani, watu wanne wanaobembelezana kwa Kiswahili, Kihunde na Kinyanga, kila mmoja akificha bei anayoijua. Lugha hizo tunazirekodi na kuzichambua hapa kitivoni kila muhula. Kilichobaki ni kuandika muswada.