Mguu Haukupona, Kazi Ikabadilika



Likizo iliyopita nikiwa nyumbani Mpemba nilikaa na kaka mmoja wa mtaani kwetu. Alikuwa utingo wa malori yanayovuka mpaka Tunduma, akapata ajali, na sasa anatembelea gongo. Nilimshauri akajifunze ushonaji chuoni. Akanijibu kwamba mguu ameshauzoea, ila kukaa benchi moja na watoto waliomaliza shule juzi ni aibu. Sikuwa na jibu. Usiku nikamkumbuka Mtakatifu Inyasi wa Loyola.

Inyasi alizaliwa Hispania mwaka 1491. Alikuwa mtu wa upanga na sifa. Mwezi Mei 1521, akiilinda ngome ya Pamplona, mzinga ulimvunja mguu wa kulia. Mifupa iliungwa vibaya, ikabidi ivunjwe tena, na dawa ya ganzi haikuwepo. Mfupa mmoja ukabaki umetokeza, akaomba ukatwe kwa msumeno ili avae buti zake apendeze. Hata hivyo mguu ulibaki mfupi. Alichechemea hadi kufa.

Akiwa kitandani aliomba hadithi za mashujaa, hazikuwepo. Akapewa maisha ya Kristo na ya watakatifu. Akagundua kwamba ndoto za ujeshi zilimfurahisha kisha zikamwacha mkavu, lakini kumfuata Kristo kulimwachia furaha isiyoisha.

Je, mambo yalinyooka? Hapana. Kule Manresa alifunga kupita kiasi, akaharibu afya, na maumivu ya tumbo yakamwandama maisha yote. Mwaka 1523 alikwenda Yerusalemu akitaka kubaki huko, akarudishwa.

Hapo ndipo ninapompenda zaidi. Alipotambua kwamba bila elimu hatawasaidia watu, mwaka 1524 alirudi shule Barcelona. Mwanajeshi wa miaka 33 hivi, anachechemea, anakaa na watoto kujifunza Kilatini! Mwaka 1528 akafika Paris, akaishi chumba kimoja na Petro Faber na Fransisko Ksaveri, vijana aliowazidi miaka 15. Ada aliitafuta kwa kuomba misaada. Alipata shahada yake ya uzamili mwaka 1535, akapewa upadre 1537.

Papa Paulo III aliidhinisha Shirika la Yesu, yaani Wajesuiti, mwaka 1540. Inyasi akachaguliwa kuliongoza. Aliyezoea farasi na upanga sasa kazi yake ikawa meza na kalamu mjini Roma: barua karibu 7,000, nyingine akiwa mgonjwa. Ksaveri ndiye aliyesafiri, na mwaka 1542 alipita Malindi akielekea India. Inyasi, kwa kuwa aliumia yeye mwenyewe, aliwasisitiza wenzake watunze miili yao. Alifariki 31 Julai 1556, Shirika likiwa na watu wapatao 1,000.

Kijana mwenzangu, Mungu hakumrudishia Inyasi mguu wake. Alimpa kazi nyingine, na mlango wa kuingilia ulikuwa benchi la watoto. Pengine kinachotuzuia si ulemavu wala ugonjwa, ni aibu ya kuanza upya.

Kabla ya kurudi seminari nilimsimulia yule kaka habari hizi. Hakusema kwamba ataenda. Aliuliza tu muhula unaanza lini.

Mtakatifu Inyasi wa Loyola, utuombee.