Kikulacho Ki Nguoni Mwako: Maisha ya Daktari Gorgas

Tukitaja Mfereji wa Panama darasani, sote hukumbuka meli kubwa na wahandisi hodari. Mimi leo nataka niwasimulie habari za mtu ambaye kazi yake haikuwa kupasua miamba bali kupigana na mbu. Jina lake ni William Crawford Gorgas. Nimemchagua kwa sababu adui aliyemwandama maisha yake yote yuko hata hapa kwetu Mombasa, tena nyumbani mwetu.

Gorgas alizaliwa tarehe 3 Oktoba 1854 karibu na Mobile, mji wa bandari katika jimbo la Alabama, Marekani. Babake, Josiah Gorgas, alikuwa jenerali wa upande wa Kusini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Kijana naye akatamani kuwa askari. Lakini wapi! Chuo cha kijeshi cha West Point hakikumpa nafasi. Penye nia pana njia. Alikwenda New York akasomea udaktari, akafuzu mwaka 1879, na mwaka uliofuata akaingia jeshini akiwa daktari.

Mwaka 1882 alikuwa kambi ya Fort Brown, Texas, homa ya manjano ilipozuka. Ugonjwa huu si mchezo. Mgonjwa hushikwa na homa kali, ini huharibika, macho na ngozi hugeuka manjano, na akizidiwa hutapika damu nyeusi. Siku hizo hapakuwa na dawa wala chanjo. Kambini mlikuwa na msichana aitwaye Marie Doughty ambaye alikuwa mahututi. Gorgas alimhudumia, kisha naye akaugua. Kwa rehema za Mungu wote wawili walipona, na mwaka 1885 wakaoana. Mtu akipona homa hii haimrudii tena. Kwa hivyo kila homa ya manjano ilipotokea, jeshi lilijua la kufanya: mtume Gorgas.

Mwaka 1898 Marekani iliishinda Hispania na kuutwaa mji wa Havana, bandari kuu ya Cuba. Gorgas akawa bwana afya mkuu wa mji. Wakati huo madaktari wengi waliamini kuwa homa ya manjano hutokana na uchafu na harufu mbaya. Basi Gorgas akaanza kufagia. Barabara zilisafishwa, takataka na mizoga ikaondolewa, Havana ikang'aa kama sahani. Kumbe homa haikujali! Wageni wengi wasio na kinga walikuwa wakiingia kutoka Hispania, na mwaka 1900 watu 310 walikufa kwa homa hiyo mjini humo.

Palikuwa na daktari Mkuba, Carlos Finlay, ambaye tangu mwaka 1881 alikuwa akisema kwamba anayeeneza homa hii ni mbu. Kwa karibu miaka 20 watu walimcheka. Mwaka 1900 kikundi cha madaktari wa jeshi kikiongozwa na Walter Reed kiliamua kumjaribu mbu huyo. Mmoja wao, Jesse Lazear, aliumwa na mbu akafa mwezi wa Septemba. Wenzake hawakuacha. Walijenga vibanda viwili. Katika kibanda cha kwanza askari waliojitolea walilalia shuka na nguo chafu za wagonjwa kwa usiku 20. Hata mmoja hakuugua. Kibanda cha pili kilikuwa safi, lakini ndani mlikuwa na mbu waliokuwa wamewauma wagonjwa. Aliyelala humo akaugua. Iligunduliwa pia kwamba mbu akishamfyonza mgonjwa hukaa siku 12 hivi kabla ya kuweza kuambukiza mtu mwingine. Ndiyo maana majaribio ya Finlay hayakuwa yamewaridhisha watu: hakuwapa mbu wake muda wa kutosha.

Hapa ndipo mimi nilipoanza kumheshimu Gorgas. Yeye mwenyewe hakuwa akiamini habari za mbu, na alikuwa ametumia miaka miwili kufagia mji. Angeweza kung'ang'ania fagio lake kwa kuogopa aibu. Badala yake, alipouona ushahidi aligeuka mara moja, na mwezi wa Februari 1901 akaanza vita vipya.

Mbu huyu, aitwaye Aedes aegypti, ana madoa meupe miguuni na huuma mchana. Hapendi mitaro michafu. Yeye hutaga mayai kwenye maji matulivu yaliyo safi, ndani au karibu na nyumba: mitungini, kwenye mapipa, birika na hata makopo. Wakaguzi wa Gorgas walipita nyumba kwa nyumba. Mapipa yalifunikwa kwa waya, maji yasiyofunikwa yakatiwa mafuta ili viluwiluwi wakose pumzi, na mwenye nyumba mkaidi akatozwa faini. Mgonjwa aliwekwa ndani ya wavu ili mbu asimfikie, na nyumba yake ikafukizwa. Mwaka huo waliokufa walikuwa 18 tu, na baada ya Septemba homa ikatoweka katika mji ulioisumbukia kwa zaidi ya miaka 100.

Mwaka 1904 akapelekwa Panama. Wafaransa walikuwa wameanza kuchimba mfereji huko mwaka 1881 wakashindwa, na inakadiriwa kuwa zaidi ya watu 20,000 walikufa. Hospitali yao ilikuwa nzuri ajabu, lakini miguu ya vitanda iliwekwa ndani ya vibakuli vya maji ili kuzuia siafu. Mbu wakazaliana chini ya wagonjwa!

Mtadhani baada ya Havana kila mtu alimsikiliza. Wapi! Wakubwa wake waliona habari za mbu ni upuuzi, na waya aliouomba ulicheleweshwa. Mwaka 1905 homa ikalipuka na wafanyakazi Wamarekani wakakimbilia meli kurudi kwao. Wakubwa wakataka afukuzwe. Rais Theodore Roosevelt aliposhauriwa na daktari rafiki yake, alikataa. Mhandisi mpya, John Stevens, akampa Gorgas watu na pesa. Watu 4,000 hivi wakafukiza nyumba kwa salfa na kwa pareto, ua ambalo baadaye lilikuja kuwapatia riziki wakulima wengi wa Kenya. Hata maji ya baraka kanisani yalibadilishwa kila siku. Zaidi ya yote, mji wa Panama uliletewa maji ya bomba, watu wakaacha mapipa. Mtu wa mwisho kufa kwa homa ya manjano katika mji huo alikufa Novemba 1905. Mfereji ukafunguliwa tarehe 15 Agosti 1914.

Lakini nisiwapake mafuta kwa mgongo wa chupa. Nyumba zilizowekwa waya zilikuwa hasa za wazungu. Wafanyakazi weusi kutoka Barbados na Jamaika walilala kwenye mabanda ya msongamano, na ndio waliokufa kwa wingi, hasa kwa nimonia.

Mwaka 1914 Gorgas akawa daktari mkuu wa jeshi la Marekani. Mwaka 1920, akiwa njiani kwenda Afrika Magharibi kuchunguza homa ya manjano, alipooza akiwa London. Mfalme George wa Tano alimtembelea hospitalini akamtunuku cheo cha heshima. Alifariki Julai mwaka huo, akaagwa katika kanisa kuu la St Paul's na kuzikwa Arlington, Marekani.

Ndugu zangu, chanjo ya homa ya manjano ilipatikana miaka ya 1930, lakini mbu wa Gorgas hakufa naye. Ndiye anayeeneza kidingapopo, homa iliyowalaza watu wengi hapa Mombasa mwaka 2013. Tukisikia ugonjwa, sisi hukimbilia mafagio, na kufagia ni vizuri. Lakini mitaani kwetu bomba hukauka, nasi huweka maji kwenye mapipa na mitungi. Tusiwalaumu mama zetu wanaoweka maji, maana watu wa Panama waliacha mapipa yao bomba zilipotoa maji, si kabla. Wenye kuleta maji watimize wajibu wao. Sisi nasi, tunapongoja, tufunike mapipa, tuyasugue kila wiki, na tuondoe magurudumu makuukuu yanayojaa mvua. Kikulacho ki nguoni mwako, na huyu wetu yumo mtungini.