Jenerali aliyefika Nordhausen

Neno kukomboa asili yake ni rehani na fidia. Mswahili wa jadi hukikomboa kitu alichokiweka rehani, au humkomboa mateka, kwa kutoa malipo; pasipo malipo hapana ukombozi. Siku hizi tumelizoea neno hili katika siasa hata tukasahau kuwa lina bei. Mimi hulikumbuka kila nisomapo kuhusu majeshi yaliyozikomboa kambi za mateso za Wanazi mwaka 1945. Yatazame maisha ya mmoja wa majenerali waliozifikia kambi hizo, nawe msomaji utajionea kwamba waliolipa walikuwa wengi mno, na waliokombolewa wachache.

Jenerali huyo ni Terry de la Mesa Allen, Mmarekani, aliyeiongoza Divisheni ya 104 ya askari wa miguu. Alizaliwa tarehe 1 Aprili 1888 katika ngome ya Fort Douglas, jimbo la Utah. Babake alikuwa ofisa wa jeshi, na mamake alitoka katika ukoo wa Kihispania, ndipo likapatikana jina hilo la de la Mesa. Alikulia kambini miongoni mwa askari wa farasi, na haikuwa ajabu alipopelekwa chuo cha kijeshi cha West Point. La ajabu ni kwamba alishindwa. Hesabu zilimlemea, kisha mtihani wa somo la silaha na mizinga ukamwangusha, akaondoka bila shahada. Akajiunga na chuo kikuu cha Kikatoliki mjini Washington, akahitimu mwaka 1912, akaingia jeshini kwa mlango wa nyuma, kama tusemavyo.

Kijana huyu alikuwa na kigugumizi. Mnamo Septemba 1918, katika mapigano ya St. Mihiel nchini Ufaransa, risasi ilimpenya taya, na wasimulizi wa maisha yake wanapenda kueleza kwamba tangu siku hiyo kigugumizi kilimtoka. Kwa kuwa nimeshughulika na lugha kwa miaka mingi, hadithi hii hainiingii akilini hata kidogo. Kigugumizi hakikai tayani. Ni tatizo la namna ubongo unavyopanga mwendo wa usemi, na risasi si dawa yake. Lakini naelewa kwa nini askari waliipenda. Waliona kwamba kiongozi wao aliupata ufasaha wake vitani, si darasani, na hilo liliwatosha.

Darasani kwa kweli hakung'aa. Katika chuo cha maofisa cha Leavenworth mwaka 1926, mwanafunzi aliyeongoza alikuwa Dwight Eisenhower, naye Allen alikuwa miongoni mwa walioshika mkia. Hata hivyo, Jenerali George Marshall alikuwa na jicho la kutambua watu. Mwaka 1940 alimpandisha Allen kutoka Luteni Kanali hadi Brigedia Jenerali kwa hatua moja, akiwaruka wengi waliomtangulia.

Mwaka 1942 Allen alikabidhiwa Divisheni ya Kwanza, iliyo kongwe kupita zote za Marekani. Aliiongoza kushuka pwani ya Oran, Algeria, tarehe 8 Novemba 1942, kisha katika vita vya El Guettar nchini Tunisia, na Julai 1943 kisiwani Sicily, ambako vifaru vya Wajerumani vilikaribia kuwatosa baharini huko Gela. Askari wake walisifika kwa ushujaa vitani na kwa utovu wa nidhamu wakiwa mapumzikoni. Jenerali Omar Bradley hakuweza kulivumilia hilo la pili. Mnamo Agosti 1943, mara tu baada ya mapigano makali ya mji wa Troina, Allen aliondolewa, pamoja na msaidizi wake Theodore Roosevelt mdogo, mwana wa rais. Juma lilo hilo picha yake ilikuwa kwenye jalada la jarida la Time. Sijui aibu iliyo kubwa kuliko kuvuliwa madaraka siku ambazo taifa zima linakupigia makofi.

Marshall hakumtupa. Oktoba 1943 Allen alipewa Divisheni ya 104, watu wapatao 14,000 ambao hawajawahi kuisikia risasi ya adui, na nembo yao ikiwa kichwa cha mbwamwitu. Hapo ndipo alipoonyesha alichojifunza. Aliamini kwamba giza humlinda askari wa miguu kuliko mizinga yote, kwa hiyo akawazoeza vijana wake kutembea, kuvuka mito na kushambulia usiku, mwezi baada ya mwezi, hadi wakauzoea usiku kama mchana. Hakulifanya hilo ili asifiwe. Alikuwa ameshazika wengi, na aliijua bei ya kushambulia kilima mchana kweupe.

Divisheni hiyo iliingia vitani Oktoba 1944 katika mpaka wa Ubelgiji na Uholanzi, chini ya jeshi la Kanada. Ikapigana hadi mto Maas, ikahamia karibu na Aachen, ikauvuka mto Roer usiku wa kuamkia tarehe 23 Februari 1945, ikaingia Cologne mwezi Machi, ikavuka Rhine. Ilikaa vitani kwa siku 195. Hayo nayapitia haraka kwa sababu yameandikwa sana. Ninalotaka msomaji alitafakari ni siku moja tu.

Tarehe 11 Aprili 1945, Divisheni ya 104 pamoja na Divisheni ya Tatu ya vifaru iliingia mji wa Nordhausen, katikati ya Ujerumani. Haikuwa imetumwa kuwatafuta wafungwa. Amri ilikuwa kusonga mashariki kuelekea Halle, na Nordhausen ulikuwa mji wa njiani. Ndani ya kambi ya zamani ya jeshi la anga iliyoitwa Boelcke, askari walikuta maiti zipatazo 3,000, na katikati ya maiti hizo mamia ya watu waliokuwa bado wakivuta pumzi, wengine wakiwa wamelala pamoja na wafu kwa kukosa nguvu za kujisogeza. Tangu Januari hapo ndipo palipokuwa pa kuwatupa wafungwa walioshindwa kufanya kazi. Jambo moja chungu halina budi kusemwa: wengi kati ya maiti hao waliuawa na mabomu ya ndege za Uingereza zilizoushambulia mji wiki moja kabla. Waliokuwa wakiwasubiri Washirika waliuawa na Washirika.

Madaktari wa divisheni waliacha mambo mengine yote. Waliokuwa hai walibebwa hadi hospitali za dharura, na wengi waliendelea kufa mikononi mwa waliowafikia. Wanaume wa mji waliamrishwa kuwabeba maiti kwa mikono yao na kuwazika mlimani, ili asiwepo wa kudai kwamba hakuona.

Nje kidogo ya mji, chini ya mlima Kohnstein, palikuwa na mahandaki ya kambi ya Dora. Humo ndimo roketi za V-2 zilimoundwa. Kati ya wafungwa wapatao 60,000 waliopitia Dora na matawi yake, kiasi cha 20,000 walifariki: Warusi, Wapolandi, Wafaransa, Wayahudi na wengineo. Miezi ya mwanzo walilala humo humo mahandakini, hawalioni jua. Wamarekani walipofika walizikuta roketi zikiwa zimepangwa, wakasafirisha sehemu za roketi zipatazo 100 kwenda kwao kabla ya kuwaachia Wasovieti eneo hilo Julai 1945. Wahandisi nao walifuata, Wernher von Braun akiwa mbele. Hapa ndipo neno langu la rehani linaponirudia. Mfungwa aliyelipa hakupata kitu; kilichokombolewa kwa uangalifu mkubwa ni mtambo.

Allen aliendelea hadi Halle, na tarehe 26 Aprili askari wake wakakutana na Wasovieti. Alistaafu mwaka 1946, akaishi El Paso, Texas, akifanya kazi ya bima. Mwanawe aliyeitwa kwa jina lake alifuata nyayo zake, akawa Luteni Kanali katika ile ile Divisheni ya Kwanza iliyonyang'anywa babake. Tarehe 17 Oktoba 1967 aliuawa Vietnam pamoja na askari wengine wapatao 60, wakiwa wamevamiwa msituni mchana.

Julai 1969 binadamu wa kwanza walitua mwezini wakiwa wamepelekwa na roketi ya Saturn V. Aliyeiongoza kazi ya kuibuni alikuwa von Braun, na msimamizi wa mradi wake kwa miaka mingi alikuwa Arthur Rudolph, yule yule aliyesimamia utengenezaji wa V-2 katika mahandaki ya Dora. Allen alifariki tarehe 12 Septemba mwaka huo huo, akazikwa Fort Bliss alikozikwa mwanawe. Rudolph aliachana na uraia wa Marekani na kuondoka mwaka 1984, wapelelezi wa serikali walipoanza kumwuliza kuhusu wafungwa wa mahandakini. Miaka 39 ilikuwa imepita tangu Aprili ile ya Nordhausen.