Booker T. Washington: mtumwa aliyewaunganisha wafanyabiashara weusi, mji kwa mji

Wafanyabiashara wa Goma, Bukavu, Butembo ao Lubumbashi wanajua faida ya kuwa na umoja mmoja mjini: mtu peke yake hasikilizwi. Huko Marekani, kazi ya kuwaunganisha wafanyabiashara weusi iliongozwa na mtu aliyezaliwa mtumwa, Booker T. Washington.

Alizaliwa mwaka 1856 katika shamba moja la jimbo la Virginia. Uhuru ulipofika mwaka 1865, familia yake ilihamia Malden, West Virginia, na mtoto huyo akaanza kazi katika viwanda vya chumvi, kisha katika mgodi wa makaa ya mawe. Mwaka 1872 alisafiri karibu kilometa 800, sehemu ya njia kwa miguu, kwenda kusoma Hampton. Mtihani wake wa kuingia ulikuwa kufagia chumba. Alikifagia mara tatu.

Mwaka 1881 alifungua shule huko Tuskegee, jimbo la Alabama, na wanafunzi 30. Majengo yalijengwa na wanafunzi wenyewe. Walipojaribu kuchoma matofali, tanuru tatu ziliharibika na pesa zikaisha. Washington aliweka saa yake rehani kwa dola 15, na tanuru ya nne ikafaulu. Baadaye wazungu wa jirani walikuja kununua matofali hayo. Hapo akashika wazo lake kubwa: mtu mwenye kitu ambacho wengine wanahitaji ataheshimiwa.

Mwezi wa nane mwaka 1900, aliita mjini Boston mamia ya wafanyabiashara weusi, wakaanzisha National Negro Business League. Wazo la kuwa na umoja kama huo katika kila mji lilikuwa limetolewa mwaka mmoja mbele katika mkutano wa Atlanta ulioongozwa na mwalimu W.E.B. Du Bois. Miji mingi ilikuwa na matawi yake, na kila mwaka wajumbe walikutana. Wenye maduka, vinyozi, wakulima na wenye benki walisimama mmoja mmoja kueleza walivyoanza na walivyofanikiwa. Kufikia mwaka 1915, matawi yalikuwa karibu 600.

Lakini si wote walipewa nafasi. Mwaka 1912 huko Chicago, Washington alikataa kumpa neno Madam C.J. Walker, mama aliyetajirika kwa kuuza dawa za nywele. Mama huyo alisimama na kusema bila ruhusa. Mwaka uliofuata alikaribishwa rasmi.

Shida kubwa zaidi ilikuwa ya siasa. Tangu hotuba yake ya Atlanta mwaka 1895, Washington aliwaomba weusi watangulize kazi na mali, haki za siasa zifuate. Du Bois alimpinga wazi mwaka 1903: bila kura na bila sheria, nani atalinda duka? Washington hakujibu mbele ya watu, ila kwa siri alitoa pesa kwa kesi za kutetea haki ya kupiga kura.

Sisi Wakongomani tuna deni kwake pia. Mwaka 1904 aliandika gazetini kulaani ukatili wa utawala wa mfalme Leopold wa pili, wakati babu zetu walikuwa wanalazimishwa kuvuna mpira.

Alikufa Tuskegee tarehe 14 mwezi wa 11 mwaka 1915, akiwa na miaka 59. Miaka sita baadaye, mjini Tulsa, umati wa wazungu ulichoma Greenwood, mtaa wa weusi uliojaa maduka, hoteli na nyumba zaidi ya 1.000. Wenye mali hizo walikuwa wamefanya yote ambayo Washington aliwashauri.

Kwa nchi iliyoona uporaji wa mwaka 1991 na 1993, somo ni rahisi kuelewa. Umoja wa wafanyabiashara unaweza kufungua maduka mengi, lakini maduka hayo yanahitaji pia serikali yenye kuyalinda.