Stokes, Muuza Baruti Asiyekuwa na Upande

Muhula uliopita maji yalikatika hosteli kwa siku nne. Mimi na rafiki yangu mwenye pikipiki tulikuwa tunachota kisimani mtaani kwa shilingi 200 kwa ndoo, tunajaza madumu, tunapanda nayo ghorofani na kuuza kwa 1,000. Wateja walitushukuru. Siku ya tatu mdogo wetu mmoja wa mwaka wa kwanza alihesabu sarafu zake mara mbili, zikapungua, akaomba nusu ndoo. Nilimuuzia nusu ndoo, na usiku ule sikulala vizuri.

Nasoma ualimu, na somo langu la kufundishia ni historia. Wiki hiyohiyo nilikuwa naandaa semina kuhusu kugawanywa kwa Afrika, nikakutana na Charles Stokes. Nimemfikiria sana tangu siku ile, ndiyo maana nawaandikia habari zake.

Stokes alizaliwa Dublin, Ireland, mwaka 1852. Hakuja Afrika kutafuta mali. Alikuja Zanzibar mwaka 1878 akiwa mtumishi wa kawaida wa chama cha wamisionari wa Kianglikana, CMS. Kazi yake ilikuwa kupanga misafara ya kupeleka watu na mizigo bara hadi Buganda, na jamaa aliiweza kweli. Alijua kuongea na wapagazi, kulipa hongo kwa watemi bila kugombana, na kufika. Wazungu wengi wa wakati ule walishindwa hata hilo la mwisho.

Mwaka 1883 alimwoa nesi Mwingereza, Ellen Sherratt. Mwaka uliofuata mke huyo alifariki baada ya kujifungua mtoto wa kike. Baadaye Stokes akamwoa Limi, Mnyamwezi, ndugu wa Mtemi Mitinginya wa Usongo. Wakubwa wake katika misheni hawakuipenda ndoa hiyo. Stokes akaachana nao, akaanza biashara yake mwenyewe. Njia aliijua, wapagazi walimwamini, na sasa alikuwa shemeji wa Wanyamwezi. Alinunua pembe za ndovu bara na kuzishusha pwani. Akirudi, hakurudi mikono mitupu. Alibeba vitambaa na shanga, ila kilichotakiwa kuliko vyote kilikuwa bunduki, fataki na baruti.

Hapa ndipo uhaba unapoingia. Mwaka 1888 Kabaka Mwanga wa Buganda alipinduliwa, na baada ya muda mfupi Wakristo nao wakafukuzwa nchini. Mwanga alikimbilia kusini mwa ziwa, akawa mgeni wa wamisionari Wakatoliki. Alikuwa na wafuasi, ila silaha zilikuwa chache. Wakati huohuo pwani yetu ilikuwa vitani, Abushiri anapigana na Wajerumani, na manowari za Ujerumani na Uingereza zilikuwa zinazuia silaha zisiingie. Ukiwa na baruti bara wakati kama ule, wewe ndiye unayepanga bei. Stokes alikuwa nayo, na alikuwa na mashua. Mwaka 1889 alimvusha Mwanga ziwani, na silaha zake zikasaidia kumrudisha Kabaka kwenye kiti. Malipo yalikuwa pembe.

Mwaka 1890 mataifa makubwa yalikutana Brussels yakakubaliana kuzuia bunduki za kisasa na risasi zake zisiingie sehemu kubwa ya Afrika. Magobore na baruti ya kawaida viliachwa chini ya vibali vya serikali. Sababu iliyotajwa ilikuwa kukomesha biashara ya watumwa, na kwa kweli bunduki ndizo zilizoiendesha. Lakini serikali hizohizo zilikuwa zinaingiza bunduki za majeshi yao bila kuhesabu. Hitaji halikuondoka, kilichoondoka ni bidhaa. Kwa mtu kama Stokes, sheria ile ilikuwa kama kupandishiwa bei ya mali yake.

Tuseme ukweli, alimuuzia kila mtu. Aliwasaidia Wakristo wa Buganda. Akafanya kazi kwa Wajerumani kwa muda, kisha wakakosana. Frederick Lugard alipoingia Mengo Desemba 1890 kwa niaba ya kampuni ya Waingereza, shehena ya Stokes ilikuwa moja ya mambo yaliyomtia wasiwasi. Alikuwa raia wa Uingereza anayetembea na bendera ya Ujerumani, mume wa Mnyamwezi, aliyekuwa mmisionari. Kila upande ulimwona wake siku ulipohitaji baruti, na kila upande ulimshuku siku alipompelekea mwingine.

Kuanzia mwaka 1892 Dola Huru ya Kongo, mali ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, ilipigana na wafanyabiashara Waarabu na Waswahili wa mashariki ya Kongo. Wote wawili waligombea pembe zilezile. Waswahili walipozidiwa baruti, njia iliyobaki ilikuwa ya kutoka mashariki, na njia hiyo ndiyo Stokes aliyoijua. Mwishoni mwa 1894 aliingia Kongo na msafara mkubwa, huku akiwa amewasiliana na Kibonge, mmoja wa viongozi wao. Barua zake zilianguka mikononi mwa Kapteni Lothaire wa jeshi la Kongo. Askari walimkamata Stokes hemani kwake, wakampeleka Lindi (si Lindi yetu ya kusini, ni kule Kongo). Alihukumiwa usiku, bila wakili na bila kupewa nafasi ya kukata rufaa. Alfajiri ya tarehe 15 Januari 1895 akanyongwa. Alikuwa na miaka 42.

Pembe zake zilichukuliwa. Uingereza na Ujerumani, ambazo alipokuwa hai zilimwona msumbufu, zilikasirika kweli, na Kongo ikalipa fidia: faranga 150,000 kwa Uingereza na 100,000 kwa Ujerumani. Lothaire alishtakiwa Boma, kisha Brussels, na mwaka 1896 aliachiwa huru kote kuwili.

Fidia ilikuwa kwa ajili ya Mzungu aliyenyongwa na mali za msafara wake. Waliopigwa kwa baruti aliyouza, Buganda na kwingineko, hakuna aliyewahesabu wala kuwalipia. Nao hawakuwahi kukaa mezani wakati bei inapangwa.

Sisemi Stokes alikuwa shetani. Alibeba kitu watu walichokiomba, akafika pale wengine waliposhindwa kufika. Nami nilijitetea hivyohivyo na madumu yangu. Lakini muuzaji wa uhaba hula kwa sababu uhaba upo, na hana haraka ya kuona unaisha. Siku ya nne bomba lilipotoa maji, hosteli nzima ilishangilia. Mimi nilianza kwa kuangalia madumu sita niliyokuwa bado sijauza.

Nilimpelekea yule mdogo wetu ndoo nzima bila malipo. Alikuwa ameshachota yake bombani, akacheka, akaniambia niitumie kufulia.