Alfredo Catalani: Maisha na Opera Zake

Opera ni tamthilia ambayo wahusika wake huimba badala ya kuzungumza. Nchini Italia, katika karne ya 19, uwanja huo ulitawaliwa na Giuseppe Verdi, kisha Giacomo Puccini akaurithi. Baina ya majabali hao wawili aliishi Alfredo Catalani, mtunzi ambaye kipawa chake kilitambuliwa lakini nafasi yake ikabanwa.

Catalani alizaliwa mjini Lucca tarehe 19 Juni 1854 katika ukoo wa wanamuziki. Puccini naye alizaliwa mjini humo miaka minne baadaye, na wote wawili walifunzwa na Fortunato Magi, mjomba wa Puccini. Baada ya kusoma kwa muda jijini Paris, Catalani alijiunga na chuo cha muziki cha Milan. Huko, mwaka 1875, alihitimu kwa opera fupi, La falce, iliyoandikiwa maneno na mshairi Arrigo Boito.

Mwaka 1880 opera yake Elda ilionyeshwa Turin. Ilifuatwa na Dejanice (1883) na Edmea (1886), zote katika ukumbi wa La Scala, Milan. Edmea ilipopelekwa Turin mwaka huo huo, iliongozwa na kijana wa miaka 19, Arturo Toscanini. Urafiki wao ulianzia hapo.

Masaibu makubwa yalikuja mwaka 1888. Kampuni ya uchapishaji ya Giovannina Lucca, iliyokuwa mlezi wa kazi zake, ilinunuliwa na kampuni hasimu ya Ricordi. Wakati huo mtunzi wa opera alimtegemea mchapishaji ili kazi yake ifike jukwaani, na matumaini ya Giulio Ricordi yalikuwa kwa Puccini. Aidha, Catalani alikuwa akiugua kifua kikuu. Hata hivyo, hakuiweka kalamu chini. Aliifumua Elda na kuisuka upya, akahamisha mandhari yake kutoka pwani ya Baltiki hadi mto Rhine. Opera hiyo mpya, Loreley, ilionyeshwa Turin mwaka 1890.

Kilele cha utunzi wake ni La Wally, iliyoonyeshwa La Scala tarehe 20 Januari 1892. Luigi Illica aliiandikia maneno kutokana na riwaya ya Mjerumani Wilhelmine von Hillern. Wally, msichana wa milima ya Tyrol, anakataa kuozwa mume asiyempenda, naye babake anamfukuza. Wimbo anaoimba akiondoka nyumbani ulitokana na wimbo ambao Catalani aliutunga mwaka 1878. Mwishoni mpenzi wake anafagiliwa na maporomoko ya theluji, naye anajitupa bondeni kumfuata.

Catalani alifariki Milan tarehe 7 Agosti 1893, akiwa na umri wa miaka 39. Miezi sita awali, Manon Lescaut ya Puccini ilikuwa imeshangiliwa mjini Turin. Illica naye akaja kuwa miongoni mwa waandishi wakuu wa Puccini.

Ingawa chanda chema huvikwa pete, pete ya Catalani ilichelewa. Toscanini aliendelea kuziongoza opera zake, na bintiye akampa jina Wally. Mwaka 1981 filamu ya Kifaransa Diva iliufikisha wimbo wa Wally kwa watu wengi wasiowahi kuingia katika ukumbi wa opera. Sauti aliyoitunga akiwa kijana imedumu kuliko hukumu ya wachapishaji wa zama zake.